Nafasi ya Vidole Vinne

Kadi ilisema: watu wawili, usiku mmoja, pamoja na chai ya asubuhi. Ndiyo maana askari wa lango alipoisoma alimtazama Namalwa, halafu akatazama barabara nyuma yake, kana kwamba kuna mtu aliyebaki kidogo akifunga kamba za viatu.

"Na mwenzako, mami?"

"Huyu hapa." Namalwa aligeuka ili kichwa cha mtoto kionekane kwenye mbeleko.

Askari, mzee mmoja aitwaye Wainaina, alicheka. "Huyo hawezi kutumalizia mayai." Akafungua daftari la wageni, akalowesha kidole, akatafuta ukurasa. "Wewe nimekuandika Namalwa. Huyu naye anaitwa nani?"

"Andika tu mtoto wa Joash."

Kalamu ilisimama. "Joash gani? Joash wa mbao?"

Namalwa akaitikia kwa kichwa. Mzee alivua kofia yake, akaishika kifuani, kisha akaivaa tena bila kujua aifanyie nini. Alikuwa amelinda lango hilo miezi yote kumi na minne ya ukarabati, na kila asubuhi Joash alikuwa akimpigia saluti huku msumeno uko begani.

"Alikuwa ananiita Jenerali," alisema. "Pole, mami. Mimi nilisikia amegongwa. Sikujua aliacha mtoto."

"Alimwacha tumboni."

Wainaina alimpa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha mbao chenye ukubwa wa kiberiti, na Namalwa akakijua kipande hicho kabla hakijatua kiganjani. Vipande kama hivyo vilijaa chini ya kitanda chao kule Kawangware. Joash hakuwahi kutupa mbao. Alisema mti uliokaa miaka mia moja porini hauwezi kwisha kwa kuwasha jiko.

Nyumba yenyewe ilikuwa hatua chache kutoka Barabara ya Ngong, ukishapita maduka ya Adams, imejificha nyuma ya ua wa michongoma katikati ya maghorofa. Ilijengwa kwa mawe na daktari mmoja Mzungu kabla ya vita, ikanunuliwa na mzee Muchiri baada ya uhuru, na mzee alipofariki ikabaki ya njiwa. Kila mtu alitarajia binti yake, Bi Waringa, awauzie watu wa maghorofa. Yeye akaita mafundi. Kila kigae kikashushwa, kikaoshwa, kikarudishwa mahali pake. Kazi ilipoisha hakutaka kuwaaga mafundi wake kwa mkono mtupu: kila msimamizi wa kazi alipewa kadi ya kulala usiku mmoja na mkewe, siku nyumba itakapofunguliwa kwa wageni.

Okinyi, fundi wa mawe, alimpa shemeji yake kadi yake siku hiyo hiyo. "Mimi nilale ndani ya ukuta nilioujenga? Nitakaa macho usiku kucha nikitafuta nyufa." Lakini Joash aliiweka yake ndani ya Biblia. Jioni, akirudi na unga wa mbao kwenye nyusi, alikuwa akimwambia Namalwa, "Siku hiyo utaingia na mlango wa mbele, si wa jikoni. Na utakaa kwenye kile kiti changu. Utakaa kabisa, si kusimama ukisema asante."

Kiti chenyewe kilikuwa sanduku refu la mvule lililojengwa chini ya dirisha la chumba kikubwa. Mgeni anakikalia akitazama bustani. Ukiinua kifuniko, ndani kuna nafasi ya kuweka blanketi. Cha zamani kilikuwa kimeliwa na mchwa. Joash alikitengeneza upya kwa wiki tatu, na kila siku ya hizo wiki tatu Namalwa alisikia habari zake kama mtu anayesikia habari za mke mwenza.

Hiyo ilikuwa Machi. Wiki ya mwisho ya mwezi huo, Joash akivuka Barabara ya Ngong kwenye mvua, gari lilimgonga na halikusimama. Alikaa siku tisa wodini kule Upper Hill. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa mipira ya kupumulia, macho yakifunguka na kufumba, na kilichobaki kikifanya kazi ni mkono wa kulia. Mkono huo ulikuwa na neno moja tu. Kiganja kinatazama juu, kinapanda polepole, kinashuka. Kinapanda, kinashuka.

Namalwa, mimba ya miezi sita, alifikiri anasikia joto. Akamwondolea blanketi. Mkono ukapanda tena. Akafikiri ni baridi, akamfunika. Akafungua dirisha, akalifunga. Siku ya tisa alikuwa bado anafunika na kufunua.

Mtoto alizaliwa Julai, msichana, na jina halikuwepo. Kwa akina Joash jina hutoka upande wa baba. Mama mkwe alipiga simu kutoka Siaya, sauti yake kavu kama kawaida. "Ngoja aote mtu. Jina litakuja ndotoni. Likichelewa, mtoto akilia mtajie majina ya wazee. Atakaponyamaza, ndilo lake."

Hakuna aliyeota. Na mtoto hakulia. Alizaliwa na macho makubwa ya kutazama dari, akinyonya na kulala na kutazama. Hata sindano ya kliniki aliipokea kwa kukunja uso tu. "Mtoto wa aina gani huyu asiyelia?" mama mkwe aliuliza. "Mfinye kidogo." Namalwa hakumfinya. Kwenye kijitabu cha kliniki yaliandikwa maneno Mtoto wa Namalwa, na nyumbani aliitwa Toto, miezi mitano yote.

Sasa ilikuwa Desemba. Mama mkwe alikuwa anafika Jumamosi, na Jumapili mtoto angepelekwa mbele kanisani kubarikiwa, na mchungaji hawezi kumbariki Toto. "Kama hakuna jina nitakuja nalo langu," mama mkwe alikuwa amesema. "Tumengoja vya kutosha."

Namalwa angekubali. Lakini wiki mbili nyuma Okinyi alirudi kutoka kazi ya Naivasha, akaja kusalimia na kilo mbili za sukari. Alimbeba mtoto, akamrusha juu kidogo, akauliza, "Sasa huyu mliishia kumwita aje? Lile jina la kwenye kiti?"

"Jina gani la kwenye kiti?"

"Kwani hukuambiwa?" Okinyi alimshusha mtoto taratibu. "Shemeji. Joash aliandika jina la mtoto chini ya kifuniko. Siku ya mwisho, kabla hajakifunga. Mimi nikataka kuchungulia, akanifukuza na nyundo. Ati mke wangu ndiye wa kwanza kuliona, siku tutakapolala hapa."

Namalwa aliketi kitandani. Mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe, kiganja juu, kama anayeinua kifuniko, ukashuka.

Ndipo alipoitoa kadi kwenye Biblia.

*

Aliyempokea mlangoni alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, aproni nyeupe isiyo na doa, mikono mikavu ya mtu wa sabuni. Aliitwa Mbithe, na nyumba yote, kuanzia shuka hadi vijiko, ilikuwa chini yake.

"Karibu, mami. Karibu na huyu mrembo. Maji moto iko. Hiyo bafu ina miguu lakini usiogope, haijawahi kutembea." Aliongea akitembea, akinyoosha zulia kwa kidole cha mguu bila kusimama. Sakafu ya vipande vya mbao ilikuwa inang'aa kama chai ya rangi. Ukutani kulikuwa na picha za familia ya mzee Muchiri, wanaume wa suti na watoto wa soksi ndefu. "Hapa hata uinue nini, hupati vumbi. Wasichana wa siku hizi wanasafisha pale mgeni anaona. Mimi naanzia pale haoni."

Namalwa alitabasamu. Joash alikuwa na maneno hayo hayo kuhusu mbao. Upande wa mbele kila mtu anaupiga msasa, alikuwa akisema. Njoo uangalie nyuma ya kabati langu.

"Amefanana na nani, huyu?" Mbithe aliuliza, akimgusa mtoto shavu.

"Watu wanasema mamangu. Anaitwa Rachael, yuko Bungoma."

"Basi shosho ni mrembo. Pumzika, mami. Ukitaka chai, bonyeza hiyo kengele."

Mlango ulipofungwa, Namalwa alimlaza mtoto katikati ya kitanda kikubwa, akamzungushia mito. Kisha akafanya kama alivyoambiwa. Alikwenda kwenye kiti cha dirishani akakaa, kabisa, mgongo umeegemea, miguu imenyooka. Nje mtu alikuwa anafagia majani. Mvule ulikuwa na joto la jua la mchana. Alipitisha kiganja ukingoni na hakukuta kona hata moja ya kumkwaruza mtoto.

"Nimekaa," alisema.

Alikaa kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu mtu akishafungua zawadi huwa imefunguliwa. Kwa dakika hizo jina lilikuwa bado lipo, zima, mahali fulani chini yake, na Joash alikuwa bado ana neno moja la kumwambia. Halafu akasimama, akaweka kiganja chini ya ukingo, akainua polepole.

Ndani kulikuwa na blanketi nne nyeupe na harufu ya sabuni. Upande wa chini wa kifuniko ulikuwa mtupu. Mbao safi, nyororo, nyeupe kidogo kuliko pande nyingine.

Alitazama pembe zote nne. Akatoa blanketi, akatazama ndani ya sanduku, kwenye kuta zake na kwenye sakafu yake. Akapiga magoti, akatazama chini ya kabati, nyuma ya droo za meza, nyuma ya ubao wa kitanda. Akarudi kwenye kifuniko. Akabonyeza kengele.

Mbithe alifika akipangusa mikono. Alipoona kifuniko kiko wazi, uso wake ulichangamka.

"Wewe ndiye mgeni wa kwanza kufungua hapo! Umeona vile inang'aa?"

"Dada, hapa kulikuwa na nini?"

"Uchafu wa mafundi. Hao watu na penseli! Wanaandika hesabu zao kila mahali kama nyumba ni daftari. Blanketi zangu zikiguswa na kifuniko zinapata weusi. Mgeni mmoja akalalamika, Bi Waringa akaniuliza, nikaona aibu. Nikaleta sabuni, ikakataa. Nikaleta brashi ya waya. Mwisho nikachukua msasa, nikapiga magoti hapo Jumamosi nzima." Alikuwa ameuona uso wa Namalwa. "Kwani... hiyo kitu ilikuwa yako?"

Namalwa alimweleza. Hakulia, alieleza tu kwa mpangilio, kama anayemweleza daktari: Joash, gari, mkono, Okinyi, Jumapili. Mtoto alikuwa ameamka anatazama dari. Kabla hajafika mwisho Mbithe alikuwa ameketi sakafuni.

"Ulisoma?" Namalwa aliuliza. "Kabla hujafuta. Ulisoma?"

"Nilisoma."

"Iliandikwa nini?"

"Niliona ni maneno. Niliona ni majina ya watu. Lakini nilisoma vile mtu anasoma gazeti limefunga nyama, mami. Macho yalipita." Mbithe alifumba macho, akayakaza mpaka kope zikatetemeka. "Lilikuwa fupi. Mungu wangu. Lilikuwa... Hapana. Nikisema nitakuwa nadanganya."

Halafu Namalwa akapitisha vidole tena kwenye ile mbao, na safari hii hakutafuta weusi. Joash aliacha shule darasa la saba na aliandika kama anavyochonga: herufi kubwa, akikandamiza mpaka penseli inalia. Hata orodha yake ya sokoni ilikuwa inatokea upande wa pili wa karatasi.

"Dada Mbithe. Nishikie karatasi."

Jioni tatu kila wiki, kabla ya mimba kuwa kubwa, Namalwa alikuwa akipanda ngazi hadi ghorofa ya nne pale katikati ya jiji, juu ya duka la vitambaa, kusomea ualimu wa chekechea. Wiki ya pili walifundishwa mchezo wa majani. Unaweka jani chini ya karatasi, unalaza krayoni, unapitisha taratibu, na mishipa ya jani inajitokeza yenyewe. Watu wazima thelathini waliotoka kazini, wamechoka, walishangilia majani kama watoto. Alirarua ukurasa kwenye daftari lake la darasa hilo. Penseli aliyoitoa mfukoni ilikuwa nyekundu, bapa, ya seremala, imechongwa kwa kisu. Ilikuwa ya Joash, alitembea nayo.

Mbithe alishika karatasi kwa mikono miwili juu ya kifuniko. Namalwa alilaza penseli, akaanza kupitisha kutoka kulia.

Mwanzoni ilikuwa kijivu tu, na nyuzi za mbao. Kisha mstari mweupe ukasimama ndani ya kijivu. Ukapata mkono. Ukawa U.

"Mungu wangu," Mbithe alinong'ona.

T. Kisha U nyingine. Kisha G, yenye mkia wa Joash, mkia anaoupinda kama ndoano. OGUTU. Namalwa alikuwa anapumua kwa mdomo. Ogutu alikuwa baba yake Joash, aliyefariki Joash akiwa na miaka tisa. Akaendelea kushoto, na maneno yakaja: AKIWA KIJANA.

"Yako wapi mengine?" Namalwa aliuliza. "Akiwa kijana ni Ogutu. Akiwa msichana?"

Walisogeza karatasi. Ncha nyingine ya kifuniko, mstari huo huo. AKIWA MSI, ikatokea, hafifu. CHANA, hafifu zaidi, kama mtu anayesemea mbali. Kisha kijivu. Kijivu kitupu, laini, kisicho na hata mkwaruzo. Namalwa alipitisha penseli mara ya pili, akapitisha mara ya tatu, mpaka karatasi ikatoboka.

"Nilianzia hapo," Mbithe alisema. "Nilianzia katikati, nikiwa bado na nguvu. Kufika pembeni mkono ulikuwa umechoka."

Namalwa aliweka vidole vyake kwenye lile pengo, kimoja kimoja, kama anayepima chumvi. Vinne. Jina la binti yake lilikuwa na upana wa vidole vinne, na kitu kingine chochote kulihusu hakuna mtu duniani aliyekijua.

Ndipo alipolia. Alilia ameinamia ndani ya sanduku la mume wake, kichwa juu ya blanketi nyeupe, na Mbithe alibaki ameshikilia kifuniko kwa mikono yote miwili ili kisimwangukie.

*

Asubuhi chai iliwekwa kwenye baraza. Kulikuwa na mayai, mkate wa kuchoma, papai lililokatwa kama maua, na sahani mbili, kwa sababu kadi ilisema watu wawili. Mbithe alimimina chai bila kuinua macho. Yalikuwa mekundu.

"Mami. Nimekumbuka."

Namalwa aliweka kikombe chini.

"Nilipoamka saa kumi ikanijia tu. Lilikuwa Rachael. Hata nilijiambia, ona, ni kama jina la shosho yake." Alikuwa bado anamimina, na chai ikafika kwenye sosa. "Aliandika Rachael."

Namalwa alitazama ile sosa. Alifikiria OGUTU, herufi tano, ambazo usiku alizipima na nazo zilikuwa vidole vinne kamili. Rachael ni herufi saba. Joash hakuwahi maishani mwake kubana herufi. Asingeanza siku hiyo, na mbao nzima ikiwa mbele yake. Na zaidi ya hapo, jana mchana huyu mwanamke alisema nikisema nitakuwa nadanganya, na ilikuwa kweli.

"Asante, dada," Namalwa alisema.

Angeweza kulichukua. Lilikuwa jina zuri, la mama yake mwenyewe, na lingefika Siaya kama jina lililotoka kwa baba. Jumapili lingeitwa mbele ya watu na hakuna ambaye angepima. Alilijaribu kimoyomoyo huku akimpa mtoto titi: Rachael wa Joash. Mtoto alimtazama kwa yale macho ya dari.

Simu ililia. Mama mkwe, aliyekwisha kuambiwa habari za kiti, hakuwa mtu wa salamu ndefu.

"Umelipata?"

"Nimelipata la kijana, mama. Angekuwa kijana, aliandika Ogutu."

Namalwa akasikia kitu ambacho hakukisikia hata siku ya mazishi: mama mkwe akilia, kwa sauti ndogo kama mtu anayekohoa pembeni. Ogutu alikuwa mumewe. Namalwa alingoja. Mbithe alikuwa amesimama mlangoni na sinia, hawezi kuingia wala kutoka.

"Na la msichana?"

Namalwa alimtazama Mbithe. Mbithe alitazama sinia.

"La msichana limefutika, mama. Ilikuwa penseli. Penseli hufutika."

Sinia ilitoa mlio mdogo. Mama mkwe alipenga kamasi. "Basi nitakuja na langu Jumamosi."

"Hapana, mama." Alishangaa kusikia sauti yake. "Nitampa mimi."

"Jina linatoka kwa baba."

"Baba aliacha nafasi yake. Nimeipima. Ni vidole vinne."

Namalwa akatazama kama simu imekatika.

"Vidole vyako au vyake?" mama mkwe aliuliza.

"Vyangu."

"Vyake vilikuwa vinene." Akapumua. "Kwa hivyo liwe fupi. Ukimpa refu nitajua hukupima." Na akakata, kama kawaida yake, bila kwaheri.

Mbithe aliweka sinia mezani. "Ulijua."

"Ndiyo."

"Nisamehe, mami. La leo na la ile Jumamosi."

Namalwa alitafuta neno la kumpa na akapata lililo kweli. "Ulisafisha vizuri. Angeona kazi yako angekupenda. Yeye pia alikuwa anaanzia pale watu hawaoni."

Mbithe alifunika uso kwa aproni.

Kabla ya kuondoka Namalwa alirudi chumbani, akainua kifuniko mara ya mwisho. Alikuwa na ile penseli mkononi, na pengo lilikuwa pale. Hakuandika kitu. Mwandiko wake ungekuwa mgeni mahali hapo. Alirudisha blanketi, akazipanga kwa mikunjo ya Mbithe, akashusha kifuniko taratibu mpaka kikalala bila mlio. Joash alikuwa amekiwekea ngozi ukingoni kwa ajili hiyo.

Langoni mzee Wainaina alifungua daftari. "Umeondoka saa nne na robo. Na huyu mdogo bado ni mtoto wa Joash?"

"Bado, Jenerali."

Alimpigia saluti, na mzee akaipokea amesimama wima, kidevu juu, mpaka walipokata kona.

Walifika Barabara ya Ngong. Mahali Joash alipogongwa palikuwa kabla ya kituo cha Adams, pale watu wanapokata barabara badala ya kwenda hadi kivukoni. Kwa miezi minane Namalwa alikuwa akipita upande wa pili. Leo alipita upande huu. Hakukuwa na kitu. Muuza mahindi, kisiki cha nguzo, makaratasi. Lori lilipiga honi ndefu karibu yao, ya kutikisa mbavu.

Na mtoto akalia.

Hakukunja uso tu. Alilia kwa koo lote, kilio cha miezi mitano, akirusha miguu kwenye mbeleko, na muuza mahindi akainua kichwa. Namalwa alisimama. Machozi yake mwenyewe yalikuwa yanashuka na hakuyafuta, mikono yote miwili ilikuwa nyuma inampigapiga mtoto mgongo.

"Akoth," alisema.

Mtoto aliendelea kulia.

"Imani. Neema." Alianza kutembea. "Zawadi. Hapana, hilo lina herufi sita. Atieno. Hilo pia. Apiyo?"

Kilio kilipanda. Watu waliokuwa wanangoja magari walimpisha, mwanamke kijana anayelia na mtoto anayelia, akitaja majina ya watu wasiokuwepo. Alikuwa na mengine mengi mafupi, na kwa miguu, kutoka hapo hadi Kawangware ni mbali.